Kupimwa kwa Chumba cha Baba Lusekelo

1.

Mama Kissa, yule wa geti la bluu, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa anaanika shuka juu ya ukuta unaotenganisha uwanja wake na wa Baba Lusekelo, akamwona binti wa kazi wa nyumba ile, Tumpale, kasimama katikati ya chumba kipya cha sinema, kashika kidude cheusi chembamba kama kalamu, kakisogeza mdomoni, anaimba. Wimbo wa kanisani kabisa, na alikuwa kafika ubeti wa tatu. Mara kidude kikatoa cheche. Spika zikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Tangu siku hiyo chumba cha watu kikawa kinatoboa masikio.

"Kakiunguza," anasema Mama Kissa pale gengeni, huku anachagua nyanya. "Mtu wa darasa la saba, unamwachiaje mtambo wa namna ile? Mwe!"

Wenzake wanatikisa vichwa. Kila akisimulia, cheche zinaongezeka.

Ukuta ule una futi saba. Mama Kissa ana futi tano, pamoja na kilemba.

Chumba cha sinema hakina dirisha.

2.

VITU VILIVYOKUWA NDANI YA CHUMBA HICHO KABLA HAKIJAITWA CHA SINEMA

Kitanda cha futi mbili na nusu, kona ya kulia ukiingia.
Sanduku la bati.
Magunia ya mahindi, manne. Wakati wa mavuno, sita.
Jembe lisilo na mpini.
Picha ya mama yake Tumpale, imebandikwa kwa plasta ya kidonda.
Dirisha moja. Lilizibwa kwa tofali mwezi wa tatu.
Tumpale, kwa miaka minne na miezi miwili.

Sasa Tumpale analala kwenye kistoo cha jikoni, kati ya friji na mtungi wa gesi. Friji inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma. Amezoea. Hakuna aliyemuuliza kama amezoea.

3.

Siku ya kuchagua maiki ya kupimia sauti ya chumba, Fundi Ambindwile alikuja na viatu vilivyong'arishwa. Ana karakana Mwanjelwa, anafunga miziki ya kumbi na ya majumbani, na akiongea na wenye nyumba huvuta maneno taratibu ili yaonekane yametoka mbali.

Tumpale alikuwa anamimina chai.

"Mimi nadhani simu inatosha, Fundi," alisema Baba Lusekelo. "Kuna kitu unapakua, unaishika katikati ya chumba, inakwambia sauti ikoje."

"Inakwambia, Mzee. Ila inakwambia uongo. Maiki ya simu imetengenezwa isikie mdomo wako, si chumba. Besi za chini kabisa haina habari nazo. Ni sawa na kumtuma mtoto wa chekechea akapime kiwanja."

"Haya. Ipi?"

"Ziko za aina mbili. Hii hapa inataka kisanduku chake cha umeme pembeni na nyaya kibao. Siku ukisahau kuchomeka mmoja, unapima hewa. Hii ya pili inaingia moja kwa moja kwenye laptopu. Na kila moja inakuja na faili lake."

"Faili la nini tena? Maiki ina faili kama mtumishi?"

Fundi akacheka, akaweka kikombe chini. Hapo ndipo alipokuwa anapangojea.

"Hakuna maiki isiyodanganya, Mzee. Kila moja ina uongo wake. Moja inazidisha sauti za juu, nyingine ni kiziwi kidogo wa hizohizo sauti. Hata zikitoka siku moja, mashine moja. Sasa kiwandani wanaipima, wanauandika uongo wake wote kwenye faili lenye namba yake. Laptopu ikisoma faili, inatoa uongo, inakuachia ukweli. Lakini faili liwe la maiki hiyohiyo. Si la ndugu yake."

"Tungekuwa nayo sisi wafanyakazi, hiyo faili," alisema Baba Lusekelo, akacheka mpaka akakohoa. "Agiza mbili. Moja yangu, moja yako. Sitaki kila nikihamisha kochi nianze kukutafuta."

Chai ilikuwa imeshajaa vikombe vyote. Tumpale alikuwa bado amesimama na chupa mkononi.

4.

Mzigo ulifika kwa basi. Ndani ya boksi: makopo mawili ya plastiki, marefu, yanafanana na ya kuwekea vidonge. Juu ya kila kopo karatasi yenye namba. Moja inaishia 417. Nyingine inaishia 471.

Tumpale anasoma polepole, kwa kidole. Hakuna aliyemtuma asome. Akafungua kopo la kwanza, akaona kwamba hata maiki yenyewe ina namba, imechongwa shingoni, tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. 417. Akafungua la pili. 471.

Akarudisha kila moja kwake.

Akanawa mikono, ingawa alikuwa amenawa kabla ya kushika.

5.

TANGAZO LA JUMUIYA
Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi saa kumi jioni tutakuwa nyumbani kwa Baba Lusekelo kwa ibada ya kukiweka wakfu chumba kipya na vyombo vyake. Kila mmoja aje na kitabu cha nyimbo. Msichelewe kama wiki iliyopita. Chai ipo.

Wakaja ishirini na wawili. Mama Lusekelo alitandika kitambaa chake cheupe cha kufuma juu ya meza, akapanga vyombo: rimoti, spika mbili ndogo, fungu la nyaya, makopo ya maiki.

"Mama Lusekelo, hivyo vya ndani ya makopo?" aliuliza mwinjilisti.

"Baraka ipenye plastiki kweli? Ngoja nivitoe."

Akazitoa. Zikalala pamoja kwenye kitambaa, nyeusi, nyembamba, mapacha. Mwinjilisti akaziombea zisitumike kwa kazi za giza. Watu wakaitikia. Wakaimba. Wakanywa chai. Mama Kissa alikula maandazi sita na kusifia dari.

Wageni walipoondoka, Tumpale alisogea mezani.

"Mama, nizirudishe?"

"Acha. Vilivyoombewa havishikwi na mikono ya vitunguu."

Mama Lusekelo akazichukua mwenyewe, moja mkono huu, moja mkono huu, anaongea na dada yake kwenye simu aliyoibana kwa bega. Hii humu. Hii humu. Akafunga vifuniko.

Maiki moja ilikuwa na uzi mweupe wa kitambaa umenasa kwenye kichwa. Tumpale alikuwa anautazama uzi ule tangu wimbo wa kwanza. Ilikuwa ndiyo iliyotoka kopo la 471.

Uzi umeingia kopo la 417.

Tumpale akafungua mdomo.

Mama Lusekelo akamtazama.

Tumpale akaufunga.

6.

NYUMBA YA BW. NA BI. MWAKASUNGU
IWAMBI, MBEYA

YAH: UPIMAJI WA CHUMBA CHA SINEMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wote wa nyumba hii mnataarifiwa kuwa Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka kazi itakapokamilika:

(a) Hakutakuwa na kupika, kukaanga wala kutwanga.
(b) Friji, pampu ya maji na saa ya ukutani vitazimwa.
(c) Mbwa atahifadhiwa kwa Mama Kissa.
(d) Chafya zipigwe nje ya geti.

Binti atakuwepo kumsaidia Fundi kushika hiki na kile.

Nawatakia utekelezaji mwema.

Baba wa Nyumba

Lusekelo mwenyewe yuko shule ya bweni. Wakazi wote ni watatu, na mmoja wao ndiye aliyeandika.

7.

Fundi Ambindwile, Jumamosi, maneno yake kama alivyoyatupa huku anafungua laptopu:

Sikia, binti. Maiki inakaa pale sikio la mtu litakapokaa. Si kichwa. Sikio. Kaa kwenye kochi nikuone. Haya, hapo, toka, sasa weka stendi.

Usiilaze kwenye mto wa kochi. Mto unakula sauti.

Ikitazama dari, faili la dari. Ikitazama skrini, faili la skrini. Sisi leo dari.

Mkono wa mtu ni ukuta. Tumbo la mtu ni ukuta. Ukishaweka, ondoka.

Tunapima sehemu nane, kwa sababu mtu akitazama picha kichwa hakigandi. Anacheka, anainama kuchukua karanga.

Ukisikia lori, inua mkono, tunarudia.

Usinisemeshe wakati wa

8.

Mlio wa kupimia, kutoka kwenye spika, ulianzia chini kabisa, chini ya miguu, kama mtu anayeburuta kabati nyumba ya pili. Ukapanda. Ukapita sauti ya mwanaume, ukapita ya mwanamke, ukapita ndege, ukawa sindano, ukapotea. Kwenye laptopu ukatokea mstari wenye milima na mabonde.

"Huu mlima hapa," Fundi akagusa kioo, "ni besi. Inajaa mahali. Sabufa nimeiweka vibaya. Sasa ni kuhamisha, kupima, kuhamisha, kupima, mpaka jua lizame."

"Ni ile kona," alisema Tumpale.

"Kona ipi?"

"Ya kulia. Malori ya Tunduma yakishuka mlima, kona ile ndiyo inayotetemeka. Pale katikati ya ukuta hapatetemeki. Kitanda changu kilikuwa konani. Nikahamisha kichwa upande wa miguuni, nikawa napata usingizi."

Fundi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akahamisha sabufa kutoka konani kwenda katikati ya ukuta. Akapima.

Mlima ukashuka.

Akapima tena kuhakikisha. Ukabaki chini.

"Wewe," alisema Fundi, "umesoma wapi?"

"Darasa la saba, shule ya Masoko."

"Mimi nina watu wamekaa kwangu miaka miwili hawajui besi inalala wapi." Akajikuna kidevu. "Mwezi wa sita nafungua nafasi ya mwanafunzi pale karakana. Nitakuchukua. Nasema kweli. Ila uje na jina safi, dada'angu, hilo tu. Kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu. Fundi wangu akisemwa, nimesemwa mimi."

Tumpale aliuma midomo. Alikuwa anajikaza asicheke, kwa kuwa maiki ilikuwa imewashwa.

Halafu akakumbuka uzi.

"Fundi, samahani. Ile namba. Usome ya shingoni kwenye maiki."

"Nimesoma ya kwenye kopo. Nimeshaweka faili."

"Ya shingoni ndiyo—"

Mama Lusekelo alikuwa mlangoni, amekuja kuangalia kama zulia halichafuki.

"Dada, mwache Fundi afanye kazi yake."

Tumpale alikuwa ameshasema mara moja. Aliona kwamba mara moja inatosha, kwa mtu aliyesoma.

9.

Wewe unayesoma hapa, hebu nyoosha mkono mbele, shika kalamu wima, ncha itazame dari. Sasa usiheme mpaka ufike kwenye nukta.

Sehemu ya nane ilikuwa kati ya kochi na ukuta na miguu mitatu ya stendi haikuenea Fundi akasema binti shika wewe nyoosha mkono geuza uso usiheme na Tumpale akashika akanyoosha akageuza uso na mlio ukaanza chini ukapanda na bega likaanza kuwaka moto na akawaza mwezi wa sita na karakana na koti la bluu la mafundi lenye mifuko na mlio ukapita mwanaume ukapita mwanamke na Fundi akasema nje kuna lori tunarudia na hakusema unaweza kuhema na mlio ukaanza tena chini ukapanda ukapanda ukawa sindano ukapotea.

Hivyo. Mara tatu.

10.

Jumapili baada ya ibada, wageni kumi na mmoja, wakiwemo bosi wa Baba Lusekelo kazini na mkewe. Mwenye nyumba alisimama mbele ya skrini, akaeleza kwamba chumba kimepimwa kisayansi, kwa maiki maalumu, sehemu nane. Akabonyeza.

Besi ilikuja vizuri, imetulia, imekaa. Tumpale aliyesimama mlangoni na sinia la soda aliijua, ilikuwa kama amekutana na mtu wa kwao.

Halafu watu wa kwenye picha wakaanza kuongea.

Kila "s" ilikuwa wembe. Vijiko vya kwenye picha vililia kama vyuma vya gereji. Mlango ukafungwa, mke wa bosi akaruka.

Yaliyosikika gizani:

"Ndivyo zinavyokuwaga hizi za kisasa?"

"Labda masikio yangu mimi."

"Baba Lusekelo, punguza kidogo."

"Nimeshapunguza, mkuu."

"Mimi natoka nje nipate hewa, mama'angu, kichwa."

"Kwetu TV ya inchi thelathini na mbili, na tunasikilizana."

Kicheko. Kidogo, cha puani.

Bosi alikaa mpaka nusu ya picha, kwa heshima, ameziba sikio la kushoto kana kwamba ameegemeza kichwa.

Vitumbua vilibaki vingi.

11.

TAARIFA YA FUNDI

Kwa: Bw. Mwakasungu
Yah: Kasoro ya sauti kali katika chumba cha sinema

1. Vifaa vyote vimekaguliwa na viko katika hali nzuri.
2. Maiki ya kupimia ni ya kiwango kinachotakiwa na faili lake lilipakiwa kwa kufuata namba.
3. Imebainika kuwa kipimo cha nane kilichukuliwa huku maiki ikiwa mikononi mwa msaidizi wa nyumbani badala ya stendi. Msaidizi huyo hana elimu ya kazi hii. Inaaminika alihema, alitikisika au alitamka neno karibu na maiki, hivyo kuvuruga vipimo vyote.
4. Inapendekezwa msaidizi asikaribie vifaa.

A. Ambindwile
Fundi Mkuu

Maelezo ya msaidizi:

.......................................................

.......................................................

12.

Mama Lusekelo alimweleza dada yake kwa simu. Alimweleza jikoni, na dirisha la jikoni linatazamana na geti la bluu.

"...eti alihema. Sijui alikuwa anaongea nayo. Au anaimba. Nakwambia hawa watoto ukiwaamini..."

Au anaimba.

Kufika jioni, anaimba. Kesho yake asubuhi, gengeni, wimbo ulishakuwa na jina na cheche zilishaanza.

Muuza nyanya alimuuliza Tumpale, kwa utani tu, "Dada maiki, utatuimbia lini na sisi?"

Alikuwa ametumwa vitunguu. Akanunua vitunguu.

13.

Jumanne Fundi aliitwa. Sebuleni: Baba Lusekelo kwenye kiti chake, Mama Lusekelo kwenye mkono wa kochi, Fundi kwenye ncha ya kiti, laptopu magotini. Maiki iko mezani ndani ya kopo. Taarifa ikasomwa kwa sauti, mpaka mstari wa nne.

"Baba," alisema Tumpale. "Naomba niseme."

"Sema, mwanangu."

"Naomba Fundi asome namba iliyoko shingoni mwa maiki. Halafu ya kwenye kopo."

"Namba zilishasomwa," alisema Fundi.

"Zisomwe tu, si ni namba," alisema Baba Lusekelo.

Fundi akafungua kopo. Akaisogeza maiki machoni. Akavaa miwani. Akasogea dirishani.

Alikaa dirishani muda mrefu, kwa mtu anayesoma tarakimu tatu.

"Mia nne sabini na moja."

"Na kopo?"

"Kopo... mia nne kumi na saba."

Friji ikanyamaza.

Kila mtu mle ndani alikuwa amenywa chai siku maiki zinachaguliwa, au ameisikia ile hotuba ya uongo wa kila maiki. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kiziwi amepewa faili la mwenzake mwenye kusikia kupita kiasi. Laptopu imeona sauti za juu ni chache, imeongeza, imeongeza, imeongeza. Wala si sehemu ya nane. Zote nane, na saba kati yake zilipimwa kwenye stendi.

"Basi si kuhema," alisema Baba Lusekelo taratibu. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa ofisi, akauliza swali linalofuata. "Nani alizirudisha kwenye makopo?"

Tumpale alitazama zulia. Lina maua ya njano, kila ua lina majani matano.

Fundi alitazama laptopu iliyozimwa.

Mama Lusekelo alishika ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua.

"Kupanga vitu nyumba hii," alisema, "ni kazi ya dada."

Ilikuwa kweli. Sentensi nzima, neno kwa neno, ilikuwa kweli.

"Mama," alisema Tumpale, "siku ile ya ibada mimi nilikuuliza kama—"

"Kama nini?"

Baba Lusekelo aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Ni mtu mwenye akili. Tumpale aliiona ile akili ikifika mahali pake, ikagusa, ikarudi nyuma kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenzake ndani.

"Yaishe," alisema Baba Lusekelo. "Fundi, rekebisha. Yaishe."

14.

TAARIFA YA NYONGEZA

Kwa: Bw. Mwakasungu
Yah: Kukamilika kwa kazi

1. Chumba kimepimwa upya siku ya Alhamisi, sehemu nane, kwa stendi, chini ya usimamizi wa Fundi Mkuu mwenyewe.
2. Vipimo vimetoka sawasawa. Sauti za juu zimetulia.
3. Taarifa ya awali inabaki kama ilivyo. Mafanikio haya yametokana na kuondolewa kwa msaidizi katika eneo la vifaa.

A. Ambindwile
Fundi Mkuu

15.

Ni kweli chumba kilipona. Alhamisi ile Tumpale alikuwa nje, anaosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa, na akasikia kupitia ukutani mtu wa kwenye picha akisema jambo kwa mwenzake, sauti laini, kama anaongea akiwa amekaa kwenye ngazi za jikoni. "S" zilikuwa "s" tu.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma. Angependa iwe mbaya.

Mama Lusekelo alitoka mwenyewe uani, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Tumpale mwanangu. Tumeona na Baba ukapumzike nyumbani kidogo. Si kwamba umefukuzwa. Ni maneno tu ya watu, unawajua watu wa hapa. Yakishatulia tutakuita."

"Sawa, Mama."

"Na nimekuwekea lile sweta la kijivu."

"Asante, Mama."

Mama Lusekelo alisubiri kidogo. Labda alitaka kulaumiwa, apate pa kukasirikia. Tumpale akafunika masufuria, moja moja, kila moja na kifuniko chake.

16.

Kutoka kundi la simu la jumuiya, Ijumaa:

– Tunampongeza Baba Lusekelo chumba sasa kinaongea vizuri 🙏
– Fundi ni nani tafadhali, na mimi nina kasebule kangu
– Ambindwile wa Mwanjelwa. Makini sana
– Ila mficheni mabinti wa kazi kwanza 😂
– 😂😂
– Mama Kissa wewe
– Nimeona kwa macho yangu jamani

17.

Karakana ya Fundi Ambindwile iko nyuma ya wauza mitumba, mlango wa mbao, benchi refu, harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya iliyoyeyushwa. Ukutani kuna misumari minne yenye makoti ya bluu. Matatu yana majina yameshonwa kifuani. La nne halina.

Tumpale aliweka sanduku lake la bati chini, mlangoni, lisizuie njia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Alikuwa na redio ya mtu, imefunguliwa tumbo. "Umeondoka pale?"

"Naondoka leo."

"Pole. Ndiyo maisha ya majumbani hayo."

"Fundi, ulisema mwezi wa sita."

Alichomeka bisibisi. Akageuza. Skrubu ikakataa.

"Nilisema," alisema Fundi. "Kwani nimekana? Sikio unalo, mimi si mtu wa kuficha. Ila uliona hali. Jana nimeingia kwa mteja kule mtaa wa Forest, mkewe ananiuliza, yule binti aliyeunguza maiki hauko naye? Forest! Habari imefika mpaka Forest. Nikikuvisha hilo koti kesho, nitaingia nyumba gani?"

"Haikuungua."

"Najua haikuungua."

"Na ulisoma namba mwenyewe."

"Nilisoma."

Mwanamke mmoja alipita mlangoni, akachungulia, akauliza kama chaja yake iko tayari. Fundi akamjibu kwa uchangamfu, akamwita mama yangu, akamwambia arudi saa nane. Akasimama mpaka mwanamke akatoweka kati ya mitumba. Akarudi kukaa. Uchangamfu ukaisha.

Tumpale alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Iwambi, njia nzima, kwa miguu. Aliyapanga yawe machache, kwa kuwa aliona mtu mwenye haraka husikia ya mwanzo tu.

"Siombi koti," alisema. "Koti utampa unayetaka. Naomba ile taarifa ya kwanza. Mstari wa tatu. Uufute, uandike namba zilipishana. Nikienda kwa fundi mwingine niwe na karatasi."

Fundi alipuliza vumbi ndani ya redio.

"Huna haja ya kuandika nani alizipishanisha, Fundi. Wala kwamba nilikwambia usome. Andika zilipishana tu."

Skrubu ilikubali. Bisibisi ikazunguka, ikazunguka, ikatoka. Akaiweka skrubu kwenye kifuniko cha soda, akahamia ya pili.

Tumpale alingoja ya pili itoke.

Ikatoka.

"Mstari mmoja, Fundi."